Vishoka vya Barafu vya Baba Mwajabu

Jumatatu, 2 Julai 1973
Mjukuu amezaliwa Moshi! Habari kaleta utingo wa lori. Mke wangu Sihaba kalia kwa furaha, kisha kafungasha kapu: nepi, mafuta ya nazi, pilipili manga ya uji wa mzazi. Kaniuliza tunaondoka lini. Nikakohoa. Mwaka jana Mwajabu wetu alipoolewa na Mosha, kijana wa kupandisha wageni mlimani (kazi gani, kupanda na kushuka mikono mitupu!), niliapa barazani hapa Bagamoyo, watu wakisikia, kwamba sitamfuata binti yangu Moshi. Wallahi! Na mke wangu haendi bila mimi. Kapu liko mlangoni.

Jumanne, 3 Julai
Nimepata hila! Niliapa sitamfuata binti. Mlima sikuutaja. Nikienda kupanda Kilimanjaro, nikapitia kwa Mwajabu kuomba maji, nani atanilaumu? Mzungu mpima ardhi wa Makurunge anarudi kwao, anagawa vifaa vyake. Kanionyesha shoka refu la barafu, mpini umenyooka, na vishoka viwili vifupi, ncha zimepinda kama mdomo wa kasuku na zina meno. Kasema refu ni la kutembelea mteremkoni, ndilo linalonifaa mimi. Vifupi ni vya kuning'inia kwenye ukuta wa barafu. Nikavigonga vyote kama ninavyochagua jembe, nikasikiliza mlio. Vifupi vimelia vizuri zaidi. Nimechukua vifupi.

Alhamisi, 5 Julai
Mazoezi sokoni, kwa Kibwana muuza samaki, mwenye barafu. Mzungu alisema nipige mara moja, kwa kifundo cha mkono, si kama anayepasua kuni. Nikasimamisha pande ukutani, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Likawa kokoto! Pande la pili, ncha ikazama, ikagoma kutoka. Nikavuta, nikaanguka chali na barafu kifuani. Kibwana kacheka mpaka akakaa chini. Kauliza, mbele ya wachuuzi wote, kama si rahisi zaidi kusema nimemkumbuka mwanangu. Nikamwambia hajui michezo. Nyumbani Sihaba kanikausha kwa khanga yake, huku akilitazama kapu mlangoni. Hilo limeniuma kuliko kifua.

Ijumaa, 6 Julai
Baada ya sala Mwalimu Msabaha kanishika mkono. Kasema kiapo cha kukata udugu hakishikiliwi. Nilishe maskini kumi, nisipoweza nifunge siku tatu, kisha niende nikambebe mtoto. Nimefikiri sana. Lakini nikipika pilau ya maskini, mji mzima utajua nimeshindwa, na Kibwana atakuja kuonja. Afadhali mlima. Nimemwambia Sihaba tunaondoka kesho, mimi mwanamichezo, yeye mpishi wangu. Kacheka! Sijamsikia akicheka hivi tangu harusi ya Mwajabu. Ningepanda milima miwili.

Jumapili, 8 Julai
Moshi. Lori mpaka Msata, kisha basi. Kishoka kimoja kilimchoma kondakta, tukashushwa, Sihaba akambembeleza, tukapandishwa. Baridi ya huku haina adabu. Nikabisha hodi, vishoka begani, nikaomba maji kama mpita njia. Mwajabu katoka. Kasema shikamoo baba, kaanza kulia. Hotuba yote ya mlima ikanipotea. Nimelia, sifichi. Mosha kaniletea kiti, kisha katoka nje ili tulie vizuri. Mtoto ni wa kike. Sihaba kamtazama, kasema haya, mke mwenzangu kafika.

Jumanne, 10 Julai
Mosha kaomba kuviona vishoka. Kavishika kwa heshima. Kasema ni vizuri sana, ila njia ya wageni haina ukuta wa kuning'inia, na baridi ya juu haitakihurumia kifua changu. Nikae tu, nile ndizi, nimbebe mjukuu. Kasema kwa upole, kama mwanangu wa kumzaa, nami nimempenda. Lakini wazee wa kwao walikuwepo, na mmoja katabasamu. Katabasamu! Nikainuka. Nikaapa, wallahi, mbele yao wote, sirudi Bagamoyo mpaka vishoka hivi viume barafu ya Kibo kwa mkono wangu. Sihaba kajishika kichwa. Mke wangu mdogo alikuwa amelala kifuani pangu, kwa hiyo nimeapa kwa sauti ya chini, nisimwamshe.