Blogu Yangu na Kimya cha Dada

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi mawingu na manyunyu. Saa nne jua likatoka kana kwamba halikuona kitu.

Siku ya kumi na tisa dada hanisemeshi. Nahesabu kwa penseli kwenye kalenda ya masjala yetu hapa hospitali, nyuma ya mlango, bosi asione.

Kosa langu nilieleze, angalau humu kwenye shajara, ambamo hasomi mtu mwingine. Niliandika kwenye blogu yangu makala ya kumsifu. Kumsifu! Nilisimulia jinsi baba alivyoachishwa kazi, ikabidi mmoja wetu aache shule, na dada, aliyekuwa wa kwanza darasani, akajitoa ili mimi nisome. Nikaandika kwamba alilia wiki nzima nyuma ya mlango, amekumbatia daftari la hesabu. Nikamalizia kwa kumwita mshumaa ulioteketea ili mimi nipate mwanga. Watu mia nne na sita walisoma. Shangazi alisema amelowesha mto mzima.

Dada hakusema kitu. Miaka yote amewaambia wanawe kwamba shule ilimchosha, akaipenda cherehani. Sasa binti yake mkubwa ameisoma makala kwenye simu na kumuuliza mbele ya wateja: kumbe mama ulikuwa na akili?

Kumpigia siwezi. Nikipiga itabidi niombe radhi, na radhi ya kumsifu mtu sijui inaanzia wapi. Mpango: alikopotelea ndiko nitakakomtafutia. Nitaandika fumbo kwenye blogu, atalielewa, atapiga yeye. Yataisha bila mtu kupiga magoti.

Nimelala saa nne na nusu, nimeridhika na mpango.

Jumanne, 4 Machi. Upepo tangu alfajiri. Vumbi limefika hadi kwenye faili za herufi M.

Nimechapisha "Kinyongo Hakijengi". Aya nne, hakuna jina. Nimesema tu kuna mtu wa karibu ninayemheshimu, amenuna, na anajijua.

Waliojijua kufikia mchana: Bosi. Kaja mezani kwangu kwa sauti ya chini, akaeleza kwamba likizo yangu hakuikataa kwa ubaya. Jirani wa ghorofa ya juu. Karudisha ngazi yangu, ambayo nilishasahau kama ninayo. Shangazi. Kapiga simu akilia, akaapa kwamba yale maneno ya siku ile jikoni hakuyaanzisha yeye. Siku ipi? Maneno gani? Sikuwa na habari. Sasa ninazo, na mimi nimenuna.

Mwenzangu anayegonga mihuri, tunayemwita Redio, kacheka hadi wino ukamwagika. Kasema mwenye kurusha jiwe gizani asilalamike mtaa mzima ukiamka.

Dada kimya.

Nimelala saa tano. Nimeota mafumbo.

Alhamisi, 6 Machi. Joto. Hata karatasi zinanata.

Nimefikiri sana jana na leo. Kwa nini sifa zimuudhi mtu? Nimepata jibu: huenda zilikuwa chache.

Nimechapisha "Mikono Iliyonivika". Sikumtaja. Nimesifu vidole vyenye alama za sindano, mgongo ulioinama ili wengine wasimame wima, na kadhalika. Nilipofika "na kadhalika" nikalia mwenyewe.

Saa kumi ukaingia ujumbe wa binti wa dada. Nanakili kama ulivyo: "Mama mdogo, tafadhali pumzika kidogo. Kila ukichapisha, mama anasoma, halafu anashona kwa hasira. Leo sindano tatu zimevunjika."

Anasoma! Nilimwonyesha Redio. Akaniuliza kama nimeusoma ujumbe hadi mwisho. Nikamwambia nimesoma sehemu muhimu.

Hata hivyo zile sindano zimenikaa kichwani. Dada havunji sindano. Ni mtu wa kupuliza uzi mara moja ukapita.

Nimelala saa sita kasoro, baada ya kugeuza mto mara nyingi.

Ijumaa, 7 Machi. Ukungu asubuhi. Watu wengi kikohozi, foleni hadi mlangoni.

Saa tatu nikainua macho, dada yupo kwenye benchi. Kachukua namba kama wagonjwa. Hamsini na mbili. Nikamwashiria apite. Kageuza uso. Kasubiri saa nzima na dakika ishirini, mkoba mapajani, mimi huku natafuta faili za watu kwenye rafu zisizo zao.

Namba yake ilipofika, akasimama dirishani na kusema anataka faili lake.

Nikamjibu hana faili hapa, hajawahi kutibiwa kwetu.

"Ninalo. Umelifungua wewe, na watu mia nne wamelisoma."

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya tangazo nililoandika kwa mkono wangu mwenyewe: faili halitolewi bila saini ya mwenye faili. Kanuni hiyo nimeisimamia miaka kumi na moja. Nimewahi kumkatalia hata bosi. Dada akauliza saini yake iko wapi.

Benchi zima likaacha kukohoa.

Akauliza tena: nilijuaje kwamba alilia wiki nzima, na mimi nilikuwa shule ya bweni? Nilikisia, nikaandika. Akasema alilia siku moja. Siku ya pili alishona gauni lake la kwanza, akalivaa, akajiona mtu.

"Umenifanya mshumaa, mdogo wangu. Mimi sijateketea. Nina wateja kumi na wawili wananisubiri."

Nikasema samahani. Akasema hajasikia. Bibi mmoja wa namba hamsini na tatu akamsaidia: "Amesema samahani, mama. Mpokee, nasi tuhudumiwe."

Dada akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Akaagiza niifute ile makala leo hii, na Jumapili niende nimshikie mapazia ya mteja. Nije na mikono, kalamu niiache.

Nimefuta. Nimelala saa tatu, kama mtoto.

Jumapili, 9 Machi. Anga safi, baridi ya kupendeza.

Nimeshika mapazia tangu saa nne hadi saa tisa. Binti yake akamuuliza kuhusu shule. Dada akamsimulia mwenyewe, macho kwenye pindo, kwa sentensi nne. Binti akasogeza kiti karibu na mama yake. Mimi nilitumia aya tisa, na hakuna aliyesogeza kiti.

Nimeliwaza hilo njia nzima ya kurudi. Hadithi ya mtu, hata ukiwa ndugu yake wa tumbo moja, unaisikia, huimiliki. Nimemwapia dada, mkono juu ya cherehani, kwamba sitamwandika tena maishani.

Wazo zuri sana hilo. Lingekuwa dhambi kulikalia peke yangu.

Kwa hiyo nimeliandika. Nimezingatia kiapo: dada nimemgeuza binamu, mapazia nimeyafanya mashuka. Hakuna atakayejua. Nimeongeza kwamba alisimulia huku machozi yakimdondoka juu ya kitambaa. Hayakudondoka, lakini aya ilikuwa inayadai.

Nimechapisha. Nimelala saa nne kasorobo, moyo mweupe.