Maji ya Nikolao kwa Wasichana wa Chuo

Jumatatu, 1 Novemba 1954
Mkutano kwa Jumbe Husseni. Nilivaa koti, jua kali hivyo hivyo. Mwalimu Isabela, mkuu wa chuo cha wasichana hapa Newala, alizungumza kwa sauti ya chini na watu wote wakanyamaza. Tangi la chuo limekauka. Wasichana wanaosomea ualimu wanashuka bondeni alfajiri kuteka maji, wanapanda na ndoo kichwani, wakifika darasani wanasinzia. Mkaguzi wa mtihani anakuja kutoka Mtwara mwezi huu huu. Kama wenyeji hatuwezi kuwasaidia maji, yeye Mwalimu atalazimika kuwarudisha makwao hadi mvua inyeshe, na mtihani utawapita.

Dominika wetu yumo humo. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kwetu mjomba ndiye anayeulizwa. Mwaka jana aliugua siku ya mtihani. Wazee wa ukoo kule Lisekese wamekwisha sema kwamba mara hii akirudi bila cheti ataozwa yule mzee mwenye shamba la mikorosho Nanganga. Mtoto analia akisikia tu Nanganga ikitajwa.

Fakihi mwenye duka akasimama. Akaahidi madebe mawili kila siku kutoka kwenye tangi lake. Makofi. Fakihi! Mtu anayepima chumvi kana kwamba ni dhahabu.

Sijui nini kilininyanyua. Nikasema kwamba mimi Nikolao, fundi cherehani, nitatoa manne. Makofi makubwa zaidi. Mke wangu, Mama Bonifasi, hakupiga. Njiani akaniuliza kama nakumbuka kuwa tangi letu limebaki tope na chura mmoja. Nilimwambia aache kukatisha watu tamaa.

Jumatano, 3 Novemba
Mpango wa kwanza: baiskeli. Mwanamume hawezi kubeba maji kichwani, watu watasema nini? Nikafunga madebe nyuma kwa kamba ya katani. Kushuka bondeni kulikuwa kuzuri mno, nilipiga hata mluzi.

Kupanda ndiyo habari nyingine. Katikati ya mteremko kamba ilikatika, madebe yakarudi bondeni bila mimi. Mimi nikarudi nusu njia. Wanawake waliokuwa wakipanda na mitungi yao walisogea pembeni kuyapisha madebe, wakaniamkia shikamoo kwa adabu kabisa, wakaja kucheka baada ya kona. Nimewasikia. Goti limevimba.

Nilifika chuoni na nusu ya kibuyu changu cha maji ya kunywa. Mwalimu Isabela alishukuru, akamwagilia mche wa mpapai.

Mama Bonifasi naye siku hizi anatoka kabla ya jogoo. Anasema anakwenda kanisani kuniombea. Leo amerudi pindo la kanga limelowa chapachapa. Nilipouliza, akasema umande. Umande, Novemba, huku uwandani! Lakini mtu aliyetoka kukuombea huwezi kumhoji sana.

Jumamosi, 6 Novemba
Mpango wa pili. Huu ulikuwa wa akili. Fakihi huwauzia maji madereva wa malori ya korosho. Nikasemezana na utingo wa lori la Tandahimba anunue madebe manne kwa Fakihi, aseme ni ya injini, kisha anishushie nyuma ya uzio wa chuo. Alifanya vizuri sana. Nikayaingiza moja moja hadi jikoni, kifua mbele, goti linauma.

Mwalimu Isabela akachota kikombe, akaonja. Nilisahau kitu kinachojulikana na kila mtoto wa Newala. Huku kwetu maji mtu anayatambua kwa ulimi. Ya bondeni yana mchanga. Ya bati la zamani yana kutu. Ya tangi jipya yana saruji, na tangi jipya mjini ni moja tu. Akasema haya mbona ni ya Baba Swalehe.

Na Baba Swalehe, yaani Fakihi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na madebe yake ya siku. Akaonja naye. Akakubali ni yake. Hakunisema vibaya. Aliniambia tu kwamba siku nyingine utingo ayalete chuoni moja kwa moja, nisijisumbue na goti langu. Kisha akanipa pole. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 9 Novemba
Dominika amekuja kutuamkia. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Hakuomba kitu. Alikaa na Mama Bonifasi wakimenya ming'oko, vile viazi vya porini, akatuambia kwamba chuo bado hakijafungwa kwa sababu wapo watu wanaosaidia. Fakihi haachi siku. Na kuna debe moja linaloletwa kila alfajiri mlangoni mwa bweni lao, kwa hiyo wao hawashuki tena bondeni, wanapata kusoma.

Nikauliza ni nani huyo wa alfajiri. Dominika akamtazama Mama Bonifasi. Mama Bonifasi akatazama sufuria. Dominika akasema hajui vizuri. Nikawaeleza kwamba mtu anayetoa kwa kujificha hivyo anatafuta sifa kwa ujanja, nao wasimwamini. Wote wawili walikubali haraka sana.

Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, mjomba, Nanganga sitaki. Nilimwambia hataenda. Nimeingia ndani nikakaa kitandani muda mrefu. Ninampenda yule mtoto, na sina hata debe moja la maji.

Ijumaa, 12 Novemba
Fakihi ameandika kwa chaki kwenye mlango wa duka lake: Rafiki wa Chuo. Kwa chaki! Mvua moja tu na urafiki umekwisha.

Mimi nimepata wazo la kudumu. Fundi mwashi aliyetengeneza sakafu ya posta alibakiwa na unga mwekundu wa sakafu. Nimeukoroga na mafuta ya taa, nikapanda juu ya bati langu na kuandika kwa herufi ndefu kama mtu: NIKOLAO MFADHILI. Inasomeka kutoka barabarani. Jumbe Husseni alisimama akasoma, akavua kofia, akajikuna, akaendelea na safari.

Mama Bonifasi aliuliza ufadhili uko wapi na tangi ni kavu. Nilimweleza kwamba mvua ikinyesha, bati langu ndilo litakalowapa maji wasichana kabla ya bati lolote. Ufadhili uko njiani, jina limetangulia tu. Alikuwa akijikanda shingo. Analalamika shingo inamuuma juma zima. Nimemshauri abadilishe mto.

Alhamisi, 18 Novemba
Mawingu tangu asubuhi. Mji mzima uko juu ya ngazi. Kila mwenye bati anageuza mfereji wake umwage nje, kwa sababu mvua ya kwanza huachwa ioshe vumbi, majani na mavi ya ndege, na ya pili ndiyo huingizwa tangini. Ndivyo tulivyolelewa.

Ndipo nilipoiona nafasi yangu! Wote wakiiacha ya kwanza, mwenye maji atakuwa mimi peke yangu. Nikauelekeza mfereji tangini, nikaufunga kwa waya. Mama Bonifasi aliniambia niache bati lioshwe. Nikasema mvua ni mvua.

Ilinyesha saa tisa, nzito. Nilicheza uani. Fakihi alikuwa barazani kwake akitazama mvua yake nzima ikienda barabarani, nami nikamwonea huruma.

Ilipokatika jioni nikachota madebe manne, nikayafunika majani yasimwagike, nikamwomba utingo anipelekee. Giza lilikuwa limeanza kuingia tulipofika. Manne kamili, kama nilivyoahidi! Wasichana walishangilia. Walikuwa wamehifadhi magauni yao ya mtihani kusubiri maji ya kuyafulia. Yale meupe. Dominika alinikumbatia mbele ya watu.

Ijumaa, 19 Novemba
Sijui niandikeje.

Waliyaloweka usiku kucha. Asubuhi magauni yalitoka mekundu. Si mekundu sana. Mekundu kama sakafu ya posta iliyokanyagwa miaka mingi. Mengine yamekolea pindo, mengine yana madoa, na manne ambayo hayakupata nafasi kwenye karai yamebaki meupe. Nilipanda ngazi kutazama bati langu. NIKOLAO imefutika. MFADHILI imebaki nusu.

Mkaguzi anafika Jumatatu. Mwalimu Isabela hakunifokea. Alisema tu kwamba mkaguzi huyu ni mkali wa mavazi, mwaka jana chuo kimoja kilirudishiwa wasichana kwa sababu ya kandambili. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo, tufanye nini. Nikashauri ndimu. Ndimu imeongeza madoa.

Dominika alikuwa ameshika gauni lake. Niliona aibu hadi masikioni. Nilitaka kuwa mtu mkubwa, na sasa mtoto wa dada yangu ataozwa kwa sababu ya herufi zangu.

Jumapili, 21 Novemba
Mama Bonifasi ndiye aliyepata njia. Jana alisema kwamba kama siwezi kuyafanya meupe, niyafanye yafanane. Basi. Tukachemsha maji ya tangi langu pamoja na unga uliobaki na chumvi. Tukayatumbukiza yote, na yale manne meupe nayo. Fakihi alisikia, nani hakusikia, akaja na kuni na sufuria lake la sherehe. Hakuna aliyemwita. Alikoroga na mwiko hadi kanzu yake ikawa kama magauni. Baadaye akatuma jora la kitambaa cheupe kutoka dukani, akasema huenda kola nyeupe zikatuliza macho ya mkaguzi.

Nimeshona kola tangu jana. Sikutoka hata barazani. Mguu umekufa ganzi kwenye pedali. Magauni sasa yote ni ya rangi moja, rangi ya udongo baada ya mvua, na kola nyeupe. Nikisema kweli, ni mazuri. Nimeshona ya Dominika kwa mishono midogo kuliko mingine.

Jumatatu, 22 Novemba
Mkaguzi amefika. Nilikuwa kwenye uzio, na Fakihi pembeni yangu, na nusu ya Newala nyuma yetu. Wasichana walipanga mstari. Mkaguzi aliwatazama juu ya miwani, akatembea hadi mwisho, akarudi. Akamwuliza Mwalimu Isabela hiyo ni sare ya wapi. Mwalimu Isabela alijibu bila kupepesa kwamba ni ya chuo hiki. Mkaguzi akasema ni nadhifu na haionyeshi vumbi. Wakaingia kwenye mtihani.

Fakihi alinishika bega. Nikajikuta na mimi nimemshika lake. Tukaachana haraka.

Jumanne, 30 Novemba
Majibu yamekuja. Dominika amefaulu! Nililia mbele ya wateja. Nimewatumia wazee wa Lisekese salamu kwamba yule bwana wa Nanganga atafute kwingine.

Jioni Mwalimu Isabela alikusanya watu kushukuru. Alimshukuru Baba Swalehe kwa madebe yake. Kisha akataja nyumba ya Nikolao. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Akashukuru kwa lile debe la kila alfajiri, lililopandishwa kutoka bondeni tangu siku ya mkutano bila kukosa hata mara moja, ambalo liliwafanya wasichana wakae na vitabu vyao. Nikainama kwa unyenyekevu.

Nilikuwa bado nimeinama nilipokumbuka kwamba sijapeleka debe lolote alfajiri.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa akitazama miguu yake. Kanga iliyolowa. Shingo. Na mimi nilimwambia abadilishe mto.

Nyumbani nilimwuliza kwa nini alisema kule chuoni kwamba maji yametoka kwangu. Akasema niliahidi mbele ya watu, na hakutaka niwe mwongo. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia mwenyewe. Akasema ningeliandika kwenye bati. Nimekanda shingo yake kwa mafuta ya nazi hadi akasinzia. Nimeoa mtu bora kuliko mimi, na nimekaa naye miaka yote hii nikimfikiria kuwa mcha Mungu tu.

Jumatano, 1 Desemba
Nimeamka na uamuzi. Mwanamke kama huyu hawezi kukaa gizani. Watu wajue. Wasichana wapya wanaingia chuoni Januari, na leo nimekwisha mwahidi Mwalimu Isabela madebe manane.

Unga mwekundu sitaki hata kuusikia. Nimejifunza. Nimenunua kwa Fakihi ile buluu ya kufulia nguo, pakiti zote alizokuwa nazo. Aliniuliza ya nini, nikatabasamu tu. Nimeikoroga vizuri, na upande wa bati unaotazama duka lake nimeandika jina lake la ubatizo kwa herufi ndefu kuliko zile za kwanza: ANASTASIA. Mama Bonifasi yuko sokoni, atakuta mambo tayari. Atafurahi sana.

Wingu zito limesimama upande wa Tandahimba na upepo unalileta huku. Mfereji nimeukaza kwa waya mpya, umeelekea tangini. Mara hii halitapotea hata tone.