Waraka Namba Saba Kuhusu Wasiojua Wanakokwenda

Pa! Kimya. Pa! Kimya. Pa!

Mgeni anayepanda ngazi za jengo letu husikia mlio huo kabla hajauona mlango, na wengi hudhani kuna seremala anapigilia misumari. Si seremala. Ni muhuri wa Mama Masjala, mtunza majalada wetu, na kila mlio ni kijana mmoja aliyeokolewa kutoka katika janga la kusitasita. Kwa heshima kubwa natangaza kwamba Kitengo cha Uamuzi wa Vijana kimetimiza miaka kumi na moja ya kuamua, na kwamba katika muda wote huo hakuna kijana hata mmoja aliyelalamika kuwa tulimharakisha.

Mimi ni Kaimu Katibu. Bosi wangu ni Kaimu Mkurugenzi. Wajumbe wote wa kamati wanakaimu, na dereva wetu pia anakaimu. Kilichothibitishwa ni gari peke yake, nalo ni bovu. Kwa upande wa watu, Mama Masjala ndiye mtumishi pekee aliyethibitishwa kazini. Tunachunguza ilitokeaje.

Kazi yetu ni nyeti. Kijana akikubaliwa na vyuo vikuu viwili kwa mpigo, analeta kwetu cheti chake halisi cha shule. Tunakifungia kabatini mpaka ataje chuo anachokwenda na fani atakayosomea. Bila utaratibu huo, vijana wangekuwa wanaamua mambo yao bila usimamizi.

Binti wa fundi cherehani aliingia Jumatatu asubuhi, akifuatana na baba yake, ambaye alitoka moja kwa moja kwenye cherehani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Binti amekubaliwa na Chuo cha Mnara na Chuo cha Bustani. Vyote ni vyuo vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kimoja kingekuwa kibovu, tungemaliza kabla ya chai.

Kwenye Fomu Namba Kumi na Mbili, kisanduku cha fani alikiacha kitupu.

"Binti," Kaimu Mkurugenzi alimuuliza, "unataka kusomea nini?"

"Bado sijajua, mzee."

Kikao kilishtuka. Mjumbe mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamkuta binti bado yupo.

"Hujajua vipi? Hapa naona alama nzuri za hisabati."

"Hisabati naipenda. Historia naipenda pia. Halafu mwaka jana nilikaa wiki tatu nawaangalia vyura kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba, nao nikawapenda."

"Vyura," niliandika kwenye muhtasari, nikapigia mstari.

"Jaza chochote basi," alisema Kaimu Mkurugenzi. "Andika uhandisi. Uhandisi haujamwaibisha mtu."

"Nikiandika uongo, mzee, si ndio nitakaousomea?"

Baba yake alikohoa. "Mkubwa, samahani nichomekee neno. Mimi mteja akija na kitambaa kizuri, hajui kama anataka gauni au suti, simfukuzi. Nampima kwanza. Mabega yake ni yale yale, achague mshono leo, achague kesho kutwa."

"Fundi," Kaimu Mkurugenzi alimjibu kwa upole wa mtu mwenye kiti kinachozunguka, "hapa hatushoni."

"Hilo nimeliona."

Cheti kilifungiwa. Nieleze hali ilivyokuwa, ili nisionekane mzembe. Vyuo vyote viwili vilikuwa vinafunga usajili Ijumaa ya wiki ya tatu, saa kumi jioni, na hakuna kinachopokea mwanafunzi asiye na cheti halisi. Binti akikosa siku hiyo, amekosa vyote viwili, anarudi nyumbani kuhesabu vyura mwaka mzima. Cheti kimoja, kabati moja, ufunguo mmoja, nao ulining'inia shingoni kwa Mama Masjala.

Sisi hatukulala. Tuliunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikafanya ziara ya mafunzo katika vyuo vyote viwili kwa siku tano. Ripoti yake ilikuwa na kurasa sitini na nne, sitini zikiwa picha zetu tumesimama langoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mapendekezo: kwamba vyuo vyote viwili vina mageti imara, na kwamba mchakato uendelee.

Fundi alikuja kila asubuhi. "Bosi, limefikia wapi?"

"Lipo kwenye hatua nzuri."

"Hatua gani?"

"Nzuri."

"Mnatupiga danadana, bosi. Sema tu."

Sikusema. Msemaji wa Kitengo bado hajateuliwa.

Wiki ya tatu tukapata habari za kusikitisha. Mama Masjala alitueleza, huku akigonga mihuri, kwamba binti amekwenda mwenyewe Mnara na Bustani, akaketi nyuma kabisa madarasani, akasikiliza.

Kaimu Mkurugenzi alisimama. "Nani kamruhusu kwenda kuangalia?"

"Milango ilikuwa wazi," alisema Mama Masjala.

"Sasa ataamua kwa misingi gani? Ya macho yake?"

Hasira hiyo ilizaa waraka. Aliusoma kwa sauti Jumatano, mimi nikauandika neno kwa neno. Mchango wangu ni mikato. Ulisema hivi: *Kila mwenye jalada katika kabati la Kitengo hiki ataje anakokwenda kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Atakayetaja, aachiwe papo hapo. Asiyetaja, apelekwe popote palipo na nafasi. Waraka huu hauna rufaa na hauchagui mtu.*

"Tuweke kifungu cha msamaha, mzee?" nilimuuliza.

"Msamaha wa nini? Hawa watoto wakibanwa ndipo wanajua. Kisichana kisichojua kinakokwenda, miaka kumi na minane sasa! Umri ule mimi nilikuwa nimenyooka kama rula."

Mama Masjala aliusoma waraka mara mbili. Akaangalia kabati. Akaangalia waraka. Kisha, pa!

Ijumaa, saa tano na nusu, walifika. Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko la mjumbe yeyote. Binti alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Nakwenda Bustani," alisema.

"Sababu?"

"Nilikaa madarasani kote kuwili, mzee. Mnara wanafundisha vizuri sana. Niliuliza swali, mwalimu akanijibu palepale, wote tukaandika. Bustani niliuliza lile lile. Mwalimu akajikuna kichwa, akasema, hilo silijui, njoo Jumanne tulitafute."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Tulikuwa watu sita. Hatukulipata. Nataka kurudi Jumanne nyingine."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alininong'oneza, "Mwalimu hajui, na anakiri? Hana mkubwa wake?"

"Halafu," binti aliendelea, "niliwauliza wa mwaka wa tatu, nani bado anasoma alichokuja kukisomea. Walionyoosha mikono walikuwa wachache kuliko waliocheka."

"Vizuri sana." Kaimu Mkurugenzi aliegemea nyuma, kiti kikalia. "Na fani?"

"Bado."

"Basi hujaamua. Jalada lirudi kabatini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne. Binti aliigeukia kuisoma. Baba yake alivua futi shingoni, akaanza kuizungusha kwenye ngumi, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko.

"Samahani," alisema Mama Masjala. Alikuwa mlangoni na waraka mkononi. "Hapa pameandikwa, ataje anakokwenda. Ametaja. Fani haimo."

"Mama, tuzingatie roho ya waraka."

"Roho haijafika masjala, mzee. Mimi nimepokea karatasi."

Pa! Akafungua kabati, akatoa cheti, akakiweka mikononi mwa binti. Fundi aliegemea meza, na bila kukusudia akaipima urefu kwa kiganja.

"Dada," alimwambia Mama Masjala, "nguo yako ya sikukuu ijayo iko kwangu."

Walikuwa wanageuka waondoke, saa ya ukutani ikagonga sita.

"Limebaki jalada moja," alisema Mama Masjala.

Lilitoka chini kabisa. Alilipuliza vumbi, nalo likamfikia kila mjumbe kwa haki. Juu yake palikuwa na jina la Kaimu Mkurugenzi.

Historia yake ni ya kawaida kabisa. Miaka kumi na moja iliyopita alipewa nafasi mbili kwa mpigo: athibitishwe kuwa Mkurugenzi hapa, au ahamie makao makuu kuwa Mshauri Mkuu. Nafasi zote mbili nzuri. Akaomba muda kidogo wa kutafakari. Kwa kuwa ni suala la uamuzi, jalada lilikuja kwenye kitengo cha uamuzi, ambacho mwenyekiti wake ni yeye. Likijadiliwa, lazima mwenyekiti atoke nje. Akitoka, akidi haitimii. Akidi isipotimia, kikao kinaahirishwa. Tumeliahirisha mara arobaini na tatu, kila mara kwa kufuata kanuni.

"Mzee, taja unakokwenda," alisema Mama Masjala.

"Mama, usinifanyie utani mbele za watu."

"Waraka hauchagui mtu."

Aligeuka kwangu. "Katibu! Ufute huo waraka!"

"Mzee, kutoa waraka, kaimu anaruhusiwa," nilimkumbusha kwa heshima zote. "Kuufuta kunahitaji sahihi ya Mkurugenzi kamili. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

Wajumbe wakagundua kwamba dari letu lina mambo mengi ya kuangalia. Kaimu Mkurugenzi alijiweka sawa, akashika tai.

"Suala hili," alianza, "linahitaji mchakato mpana wa kuwashirikisha wa—"

Pa!

Nafasi iliyokuwa wazi mezani ilikuwa moja tu, na ilikuwa na umri wa dakika nne: ile aliyoiacha binti, Chuo cha Mnara, mwaka wa kwanza. Mama Masjala alimwekea Fomu Namba Kumi na Mbili na kalamu.

"Jaza fani, mzee. Mnara wanaitaka siku ya kwanza."

Alikitazama kisanduku. Sijapata kumwona mtu akiangalia kisanduku namna ile. Kalamu ilishuka, ikapanda, ikashuka. "Zamani," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza, "nilipenda kuchora ramani." Kisha akaongeza, "Na ngoma. Nilipiga ngoma vizuri." Kisanduku kikabaki kitupu.

"Twende, mwanangu," fundi alimvuta binti yake mkono. "Saa kumi haina jamaa."

Lakini binti alirudi hatua tatu, cheti kifuani, akasimama mbele ya kiti kinachozunguka. Nilitayarisha kalamu niandike matusi. Hayakuja.

"Mzee," alisema, "kuanzia leo watakuuliza. Jirani atakuuliza, shemeji atakuuliza, kinyozi atakuuliza huku ameshika wembe. Nakuahidi kitu kimoja. Tukikutana njiani, nitakuamkia, nitakuuliza habari za nyumbani, nitakuuliza kama umekula. Unasomea nini, sitakuuliza."