Ombi la Kuondolewa Vivuli Katika Gemu Langu

Kwa shemeji yangu, fundi kompyuta,

Natumaini u mzima wa afya, maana nataka uisome barua hii ukiwa na nguvu za kutosha.

YAH: VIVULI ULIVYONIWEKEA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi, mume wa dada yako, mchomelea mageti, nalalamika rasmi. Jumamosi iliyopita ulikuja kwetu, ukalitazama gemu langu la majambazi, ukacheka. Ukasema, "Shemeji, hili limezeeka, watu wake kama matofali. Ngoja nikuwekee programu ya vivuli, utaona." Nikakubali kwa heshima ya undugu. Sasa nimeona, na niliyoyaona ni haya:

1. Mkuu wa majambazi ana uso. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikitoka karakana, nanawa masizi, nampiga risasi, naenda kula. Alikuwa boksi la kahawia lenye kofia, na boksi halionewi huruma. Jumapili nikamlenga kama kawaida, nikaona ana makunyanzi na macho yamemvimba, kama baba aliyekesha na mtoto mgonjwa. Nikashusha bunduki. Yeye hakushusha yake. Wiki hii nimekufa mara tisa.

2. Mto unang'aa. Zamani ulikuwa mstari wa buluu, nauvuka bila hata kuutazama. Sasa nasimama ukingoni nikiangalia wingu linavyopita majini, huku nyuma yangu majambazi wanachoma mji niliokabidhiwa niulinde. Meya wa mji ule ananitumia ujumbe wa kuomba msaada. Nami bado naangalia wingu.

3. Dada yako. Tangu tuoane hajawahi kukaa katika chumba cha kompyuta, alikuwa akipita tu mlangoni na kusema, "Baba watoto, mtu mzima hovyo." Jumatatu alipita, akasimama, akavuta kiti. Siku hizi ananiamrisha: "Hebu sogea pale kwenye mti, nione kivuli chake." Jana kanikataza kumuua mkuu wa majambazi mpaka tujue kama ana mke. Shemeji, nilikuwa na dakika arobaini tu kwa siku za kutosemeshwa na mtu. Umeninyang'anya.

4. Nyumba haitoshi tena. Dada yako alisimama mbele ya ukuta wa sebule, akauliza kwa nini jua letu halitui vizuri kama la kule. Nimehamisha kabati mara tatu kulitafutia kivuli kinachompendeza. Mgongo hausemeki.

5. Kazini pia. Mteja alikuja anataka geti la kawaida. Nikamuuliza angependa kivuli chake kiangukie wapi ifikapo saa kumi jioni. Ameenda kwa fundi mwingine.

Kwa unyenyekevu basi, naomba uondoe vivuli vyote na umrudishe yule jambazi kuwa boksi. Ikishindikana, uje umpige risasi wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiye uliyempa uso. Nakupa siku saba. Zikipita, nitalifikisha suala hili kwa mama mkwe, ingawa ni mama yako mzazi na najua atasimama upande gani.

Nisalimie mkeo, watoto wote, mama mkwe (usimwambie kitu kwanza), na yule jirani yako mwenye mbwa.

Wako katika masikitiko,

Shemeji yako,
Mchomelea Mageti

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimemsomea dada yako barua hii, naye amecheka mpaka akakaa chini. Anasema siku ile umeme ulikatika programu yako ikiwa haijaingia hata robo, ndiyo maana uliondoka kimyakimya. Ila Jumapili asubuhi yeye alikipangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa chenye maji, mara ya kwanza tangu tuinunue. Vivuli vilikuwamo miaka yote, nyuma ya vumbi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Basi futa namba moja hadi tano, malalamiko yote nayahamishia kwake. Barua yake naianza sasa hivi. Naomba tu uje umkabidhi wewe, maana mimi namwogopa.