Ombi la Kulifunga Kundi la Akina Dada Wanaojibu Maswali

Kwa Ndugu Msimamizi Mkuu wa Programu Yetu Huria,

Salamu, na pole na kazi. Mimi ni yule mwandishi wako wa kujitolea wa siku nyingi, wa ile sehemu ya programu inayopanga foleni za wagonjwa zahanati, na ninaandika nikiwa na uchungu. Programu yetu ya kompyuta ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Mlango uko wazi, na yeyote anakaribishwa aingie atukanwe sawa na wenzake. Ubaguzi uko wapi hapo? Hata hivyo akina dada wameanzisha kundi lao mtandaoni, kando ya letu. Naomba lifungwe, kwa sababu hizi:

1. Wanajibu maswali. Kwetu anayeuliza huambiwa akasome maelekezo, ambayo hakuna aliyeyaandika. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ndio sisi.

2. Sasa wameyaandika. Hata dada wa mapokezi pale zahanati anaiwasha programu bila kutupigia simu kutubembeleza.

3. Mgeni akikosea, wanamwonyesha kosa lilipo, kisha wanamshukuru kwa kujaribu! Namjua mmoja aliyeshukuriwa mara mbili kwa kosa lilelile. Alikaribia kulia.

4. Hawaondoki. Zamani dada akiingia kwetu alidumu wiki moja, akaulizwa ni mke wa nani, akajiendea zake kwa hiari, nasi tukabaki na amani. Sasa wanakaa, tena wanarekebisha kazi za watu. Mwezi uliopita walirekebisha yangu. Haikuwa na kosa lolote, ilikuwa haifanyi kazi tu.

5. Tukinyamaza, kesho wanaume nao wataanza kuuliza. Keshokutwa kila mtu atajua kila kitu, na sisi wakongwe tutabaki na kazi gani? Kuandika programu?

Lifunge, ndugu yangu, kabla adabu haijaenea. Nisalimie shemeji, watoto, na yule mhasibu wenu mwenye maneno mengi.

Wako katika uhuru na uwazi,
Mkongwe

Tanbihi: Tafadhali usilifunge kwanza. Tangu nilipoigusa programu wiki hii, zahanati inaita aliyefika mwisho kabla ya aliyefika mapema, na jana mama mjamzito aliketi kwenye benchi kutwa nzima. Nimeomba msaada kule kwa akina dada kwa jina la mke wangu, na wameshaanza kunielekeza. Kwetu siwezi kuuliza. Najua nitajibiwa nini, maana huwa najibu mimi.