Mlango wa Tangi la Tatu na Mkono Wangu

Kwa Mhandisi Mkuu,
Ofisi ya Michoro, ghorofani.

Ndugu Mhandisi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako, na kila unachokihitaji kiko karibu na mkono wako. Mimi ni mwoshaji wa matangi ya kupikia sabuni, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijambo, isipokuwa bega la kulia.

Ninalalamikia tangi jipya, lile la tatu. Kama unavyojua, sabuni ikishapikwa na kumiminwa, hubaki ukoko. Kazi yangu ni kufungua ule mlango mdogo wa duara ubavuni mwa tangi, kuingiza mkono na brashi, na kuusugua ukoko huo mpaka uishe. Mlango si wa kuingia mtu, ni wa kuingia mkono. Matangi mawili ya zamani yana mlango usawa wa kifua changu. La tatu umeliwekea mlango juu huko, kana kwamba ni dirisha la choo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikisimama wima na kunyoosha mkono, naufikia mfuniko kwa ncha za vidole. Kuupapasa naweza, kuufungua siwezi. Bolti sita hazifunguki kwa kubembelezwa.

2. Ngazi imekatazwa, na ni haki, maana sakafu yetu ina utelezi wa sabuni, na ngazi juu ya sabuni ni safari ya hospitali. Basi msimamizi wa zamu, mtu mwema lakini mwenye haraka, akaniletea kreti la soda. Napanda, nainua mkono, na wenzangu wanapita wakipiga makofi. Wananiita Mgombea. Juzi mpishi wa kantini aliniuliza nikichaguliwa nitawafanyia nini.

3. Hata juu ya kreti, mkono ukishaingia mpaka kwapani, ukoko wa chini unanitazama tu. Jumanne brashi ilinitoka ikazama humo, ikapikwa pamoja na sabuni ya Jumatano. Wateja wameanza kuisifu miche ile kwamba inasugua vizuri kuliko zamani, nami sipendi sifa nisizostahili.

4. Mkono wa kulia umeanza kurefuka. Mke wangu anasema ni mawazo yangu, lakini shati halisemi uongo.

5. Hili ndilo linaloniuma. Msimamizi ameanza kumtupia macho Mlingoti, yule jamaa wa idara ya kufungasha anayebadilisha balbu bila kupanda kitu. Nasikia wanataka kumpa yeye brashi, mimi nipelekwe stoo kupanga maboksi. Ndugu Mhandisi, kazi hii naipenda. Nikiligonga tangi kwa kifundo cha kidole najua kama ni safi au bado. Kuondolewa kwa sababu ya kimo, baada ya miaka yote hii, kutanivunja moyo kabisa.

Nimeambiwa mlango hauwezi kushushwa, kwa kuwa chuma kikishatobolewa kimetobolewa. Basi naomba, kwa heshima zote, sakafu ipandishwe. Dhiraa moja inatosha. Sakafu ikipanda, Mlingoti atagonga dari, kwa hiyo paa nalo lipande. Hapo lango la kiwanda litakuwa juu ya malori, kwa hiyo barabara ipandishwe, na majirani wa barabara hiyo, ambao ni watu waelewa, watapandisha nyumba zao. Mtaa mzima ukishapanda tutakuwa sawa, na hakuna atakayekumbuka kuwa kosa lilikuwa la mlango.

Haya yote yametokea kwa sababu mchoraji alikaa ghorofani akachora mkono wa ndotoni, bila kumuuliza mwenye mkono. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nisalimie karani wako, mama wa mapokezi, na fundi wa kuchomelea. Huyo mwambie bolti zake ni imara, nimezipapasa zote.

Wako mtiifu, nikiwa juu ya kreti,
Mwoshaji wa Matangi, zamu ya asubuhi.

Nyongeza: Nimemsomea mama watoto barua hii kabla ya kuifunga. Naye anafanya kazi kufungasha. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza, "Baba watoto, siku ile ya kupimwa visigino vyako vilikuwa wapi?" Ndugu Mhandisi, ni kweli. Mwaka jana ulimtuma karani na tepu aje kunipima mkono wangu unafika wapi, ili mlango ukae hapo. Wanawake wa kufungasha walikuwa wanapita kwenda kula, Mlingoti alikuwa ametoka kunitania mbele yao, nami nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu, ndani ya viatu vyangu vya harusi, nikajinyoosha mpaka shati likachomoka. Karani aliniuliza mara mbili kama ndivyo ninavyosimama kazini. Nikasema ndivyo, nikatia sahihi. Mlango umekaa pale pale niliposema.

Nasikia tangi la nne na la tano yanatobolewa Jumatatu kwa vipimo hivyo hivyo. Tafadhali mzuie fundi, kisha umtume karani tena. Nitakuwa peku, na mke wangu ameahidi kunishika visigino.