Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Doa limepanuka. Jana sahani, leo sinia. Liko kwenye ukuta wa chumba cha wageni, usawa wa kitanda, na mama mkwe anakuja Ijumaa. Mgonjwa wa kifua! Mke wangu kasema tumwite kaka yake, fundi mwashi, atamaliza asubuhi moja. Nimekataa. Shemeji akiingia humu na pimamaji yake, nitasimangwa mpaka nizikwe. Nikasema nina mpango. Sikuwa nao.

Jumanne, 5 Machi
Nimesukuma kabati mbele ya doa. Mguu mmoja wa kabati umevunjika. Doa linachungulia pande zote mbili. Harufu ipo palepale, ya viatu vibichi vilivyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mchana nikapaka rangi ya mafuta, mara tatu. Ukuta ukang'aa. Nikala vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Mvua asubuhi nzima. Rangi imeota malengelenge. Nimetumbua moja kwa kidole, maji yakatiririka hadi kiwikoni. Maji lazima yanatoka juu! Nimeng'oa mabati mawili ya banda la bustani, nikayapigilia juu ya dirisha la chumba. Banda lina majembe tu.

Alhamisi, 7 Machi
Banda halikuwa na majembe tu. Mke wangu alikuwa amehifadhi humo godoro jipya la mama yake, lisipate unyevu wa chumbani. Limelowa chapachapa. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliuliza tu mama atalala wapi, kisha akampigia simu kaka yake. Yuko kazini mbali, hawezi kufika kabla ya Jumapili. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kafika. Nikampa shikamoo, nikampokea mkoba, nikamwelekeza sebuleni. Akaenda moja kwa moja chumbani. Akanusa. Akagusa ukuta. Akakohoa sana, na kila kikohozi kilinichoma mimi. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akauliza nani kaurundikia ukuta udongo hivi. Nikakiri ni mimi, ni tuta langu la maua.
"Mwanangu," akasema taratibu, "kila ukimwagilia maua, ukuta unakunywa."
Nikaenda kuchukua koleo. Yeye akakaa kwenye kigoda, akinielekeza mpaka msingi ukaonekana. Kitanda chetu tumempa yeye. Sisi mkeka.

Jumatano, 27 Machi
Ukuta umekauka! Shemeji alikuja, akakwangua rangi yangu, akasema ilikuwa inaufungia ukuta maji ndani. Mabati kayarudisha bandani. Alicheka, lakini kidogo kuliko nilivyoogopa. Mama mkwe amehamia chumbani, na leo hajakohoa hata mara moja. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya nafuta vumbi.

Alasiri, mke wangu na mama yake wakiwa sokoni, jirani wa nyuma kachungulia juu ya ua. Kauliza nani katukaushia ukuta. Nikasema mimi. Kafurahi mno. Dari la sebule yake limeshuka katikati kama tumbo tangu mvua zile, na wageni wake wanaingia Ijumaa. Nimekwenda kuliona. Zito, lina doa pana la unyevu, linatikisika kidogo ukilisogelea. Alitaka kuita fundi, nikamwambia asijisumbue. Kesho saa tatu atanishikia ngazi, nalisukuma lirudi juu kwa mpini wa ufagio.